Sura ya Sita: Mlango wa Ofisi Unapofungwa

Kuna swali ambalo wasomaji wa riwaya za mahaba huulizana mara kwa mara, na ambalo wasiozisoma huwauliza wanaozisoma kwa sauti yenye lawama ndani yake: yawezekanaje mtu mwenye akili timamu, ambaye angeghadhibika kupata habari kwamba meneja anamtongoza binti yake kazini, akeshe akisoma, tena kwa furaha, kisa cha meneja anayempenda katibu muhtasi wake? Swali hili ni la haki. Wengi hulijibu upesi kwa kusema kwamba kitabu ni ndoto, na ndoto haina hukumu; jibu hilo lina ukweli, lakini halielezi kwa nini visa viwili vyenye mambo yale yale, cheo kile kile na siri ile ile, kimoja hutufurahisha na kingine hutuchukiza hata tukakiweka chini kabla ya nusu yake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Riwaya ya mahaba, kwa maana wanayoitumia wachapishaji wa Uingereza na Marekani, ni kisa kirefu ambacho kiini chake ni mapenzi ya watu wawili, na ambacho hatima yake ni ya furaha au, kwa uchache, ya matumaini. Sharti hili la pili ni zito, kwa maana msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wawili hawa watapatana, na asilolijua ni njia tu. Mvuto ulioharimishwa, nao, ni mapenzi yanayokatazwa na kanuni, na mkataba, au na ada za mahali: ya mkuu wa idara na aliye chini yake, ya mhadhiri na mwanafunzi wa chuo kikuu, ya wafanyakazi wawili wanaowania cheo kimoja. Nasema habari za watu wazima tu. Mtoto wa shule na mwalimu wake hawamo katika fani hii wala hawastahili kuwamo, kwa sababu hilo ni jinai.

Kizuizi na kazi yake

Hekaya ya mapenzi isiyo na kizuizi humalizika katika ukurasa wa pili. Zamani kizuizi kilitoka nyumbani: baba alikataa posa, koo mbili zilihasimiana, dini zilitofautiana, au kijana hakuwa na kitu. Katika miji mikubwa ya Uingereza na Marekani vizuizi hivyo vimelegea sana katika zama zetu, na mwandishi anayetaka kuwachelewesha wapenzi wake hana budi kukitafuta kizuizi pengine. Amekipata mahali pa kazi na chuoni, ambako kanuni, badala ya kulegea, zimekazwa. Mwaka 2015 Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Chuo Kikuu cha Harvard kiliwakataza maprofesa wake kuwa na uhusiano wa kimapenzi na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwaka 2023 Oxford nayo ikawakataza watumishi wake uhusiano wa namna hiyo na wanafunzi walio chini ya dhamana yao. Kanuni zilizowekwa kwa ajili ya kuwalinda watu zimempa mwandishi ukuta mpya, mrefu kuliko ukuta wa baba mkali.

Lakini ofisi inatoa kitu kingine kisichotolewa na baba mkali, nacho ni ukaribu wa lazima. Wapenzi wa hekaya za kale walitenganishwa. Hawa wa leo wamekatazwa kupendana na papo hapo wameamriwa kukaa pamoja tangu asubuhi hata jioni. Sally Thorne, mwandishi wa Australia, aliifahamu vema siri hii alipoandika The Hating Game, iliyotoka mwaka 2016. Lucy Hutton na Joshua Templeman ni wasaidizi wa wakurugenzi wawili wa kampuni ya uchapishaji iliyozaliwa kwa kuunganishwa kampuni mbili zilizodharauliana, na meza zao zinatazamana. Kwa kuwa kutwa nzima Lucy hana pa kuelekeza macho ila kwa hasimu wake, ameyajua mashati ya Joshua na rangi zake, yanavyofuatana kwa mpangilio usiobadilika, hata anaweza kusema leo ni siku gani kwa kutazama kifua cha mtu anayeapa kwamba anamchukia. Msomaji anaelewa kabla Lucy mwenyewe hajaelewa, kwa maana asiyejali hahesabu mashati ya mtu.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anaujua ukaribu huu. Mwenzako wa meza ya pili umejua anavyokunywa chai, anavyoguna asomapo barua yenye habari mbaya, na sauti anayoitumia azungumzapo na mama yake kwa simu. Umeyajua haya bila kuyauliza, na huenda huyajui kwa shemeji yako mwenyewe uliyekaa naye mezani kila sikukuu. Mapenzi ya kazini huanza katika maarifa ya namna hii, madogo, yasiyokusudiwa, na hiyo ndiyo fadhila kubwa ya riwaya hizi zinapoandikwa vizuri: hazimpi shujaa sura nzuri peke yake, bali humwonyesha akifanya kazi, na mtu anayeifanya kazi yake kwa ustadi na uaminifu ana mvuto ambao washairi wetu, waliosifu macho na mwendo, hawakuutendea haki ya kutosha.

Kwa ufupi, basi, kanuni huwatenga wawili na kazi huwakutanisha, na riwaya huishi katika msukumano wa mambo hayo mawili.

Mjakazi, mwalimu wa nyumbani, na muuguzi

Fani hii ina umri mkubwa kuliko ofisi zenyewe. Mwaka 1740 mchapaji mmoja wa London, Samuel Richardson, alitoa Pamela, kisa kilichoandikwa kwa barua, cha msichana mtumishi ambaye bwana wake anamwandama, anamhadaa, anampeleka nyumba nyingine na kumfungia humo, na mwishowe, akiisha kushindwa na uthabiti wake na kuyasoma aliyoyaandika, anamwoa. Wasomaji wa zama zile walikipenda mno. Wengine walikicheka, akiwamo Henry Fielding, aliyetoa kitabu kizima cha kukidhihaki mwaka 1741. Mimi hukisoma kwa uchungu. Ndoa inatolewa kuwa thawabu ya msichana, lakini kwa hakika ni msamaha wa mwanamume aliyetumia nyumba yake kama gereza, na yeye hakulipa chochote.

Karne mbili baadaye kazi hii ilikuwa imekwisha kuwa biashara. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908; ile ya Harlequin ikaanzishwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, ikaanza mwaka 1957 kuvichapisha upya vitabu vya mwenziwe, hasa vile vya hospitali, na mwaka 1971 ikaimiliki kabisa. Daktari na muuguzi wakawa wapenzi wanaojulikana na kila mwuza vitabu. Hospitali ilikuwa na kila kitu kilichotakiwa: vyeo vilivyovaliwa mwilini kwa sare, zamu za usiku, muuguzi mkuu mwenye macho makali, na mambo ya mauti na uhai yaliyowalazimisha watu kuonyeshana tabia zao za kweli. Visa vya madaktari vinachapwa hata leo.

Katikati ya Pamela na wauguzi hao kimesimama kitabu kimoja kilichovizidi vyote, na ambacho historia ya kuandikwa kwake inatufundisha zaidi kuliko riwaya kumi.

Barua za Brussels

Mwezi wa Februari 1842 Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Haworth katika kaskazini ya Uingereza, alikwenda Brussels pamoja na nduguye Emily kusoma katika shule ya wasichana ya Madame Zoë Heger. Mume wa mwenye shule, Constantin Heger, ndiye aliyewafundisha insha na fasihi ya Kifaransa. Alikuwa mwalimu mkali, mwenye hamaki na mwenye maarifa, na kwa Charlotte, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na hajapata kuonana na mtu aliyeichukulia akili yake kwa uzito, mwalimu huyo akawa dunia nzima. Mwaka 1843 alirejea Brussels akiwa mwalimu wa Kiingereza huku akiendelea kusoma. Januari 1844 akarudi kwao, na kutoka huko akaanza kumwandikia.

Barua nne zimesalia, zote kwa Kifaransa. Ni barua za mtu anayeomba kidogo, kisha kidogo zaidi, hata anabaki akiomba jibu lolote lile. Bwana Heger alizichana tatu kati ya hizo. Mkewe, kama watoto wao walivyosimulia, aliviokota vipande akaviunganisha, vingine kwa kuvishona kwa uzi, akaziweka. Mwaka 1913 watoto hao walizikabidhi kwa Makumbusho ya Uingereza, na gazeti la The Times likazichapisha, ilhali Charlotte amekwisha kufariki tangu mwaka 1855. Pembeni mwa barua moja Heger ameandika, kwa mwandiko wa haraka, jina na anwani ya fundi viatu.

Sidhani kuna riwaya iliyopata kueleza tofauti ya vyeo katika mapenzi kwa ukamilifu kama karatasi hiyo. Kwa mwanafunzi barua ilikuwa uhai. Kwa mwalimu ilikuwa karatasi iliyokuwa karibu na mkono alipotaka kukumbuka fundi wa viatu. Sina sababu ya kumshutumu Heger kwa uovu; alikuwa na mke, alikuwa na watoto, na pengine kunyamaza kulikuwa ndiyo staha aliyoiona kufaa. Lakini tazama gharama ilivyogawanyika. Yeye aliendelea kufundisha mjini kwake. Charlotte alirudi kwenye nyumba ya baba yake akiwa hana kazi, hana mapenzi, na hana mtu wa kumwambia.

Mwaka 1847 akachapisha Jane Eyre, kwa jina la kujisitiri la Currer Bell, na humo akaupanga upya ulimwengu. Jane ni mwalimu wa nyumbani anayelipwa pauni 30 kwa mwaka. Mwajiri wake, Rochester, anampenda na kutaka kumwoa, ilhali amemficha mke juu ya dari ya nyumba hiyo hiyo. Siri ikifichuka, Jane anaondoka usiku, akiwa na fedha kidogo tu na hana pa kwenda, kwa kuwa anajua akibaki atakuwa kitu cha kufugwa. Baadaye anarithi pauni 20,000 kutoka kwa ami yake, anazigawa na binamu zake watatu, anabaki na 5,000, na hapo tu ndipo anaporudi, kwa hiari yake, kwa mtu ambaye nyumba yake imeteketea, macho yake yamepofuka na mkono wake mmoja umekatika. Wasomaji wengine huona kwamba mwandishi amemwadhibu Rochester kupita kiasi. Mimi naona amefanya hesabu. Alitaka wawili hao wakutane mahali ambapo hakuna anayemlipa mwenziwe mshahara, na katika Uingereza ya 1847 hakuwa na njia nyingine ya kuwafikisha hapo ila urithi kwa mmoja na moto kwa mwingine.

Nani analipa?

Hapa ndipo lilipo jibu la swali tulilolianzia. Msomaji hafurahishwi na mkuu kumtaka aliye chini yake. Hilo lipo kila mahali na si la kusimuliwa kwa kushangaza. Anachofurahia, hata asipojua kukitaja, ni kuona mamlaka yakivuliwa mbele ya mapenzi, na mwenye nguvu akikubali kupoteza. Riwaya inayotimiza hilo hutufurahisha, na isiyolitimiza hutuacha na uchungu mdomoni ijapokuwa harusi imefanyika. Mwenye kutaka kuipima riwaya ya namna hii na ajiulize:

1. Siri ikifichuka leo, ni nani atakayepoteza kazi, masomo, au jina?
2. Aliye chini akisema hapana jioni hii, ataweza kesho kurudi mezani pake bila kudhurika?
3. Hata kufikia mwisho, mwenye mamlaka ameyapunguza mamlaka yake kwa mkono wake, au ameyaongeza?

Tujaribu mizani hii kwa vitabu vilivyosomwa sana katika miaka yetu. Katika The Hating Game, ambamo wawili hao ni sawa kwa daraja, kinachowatenga ni cheo kipya kinachowezekana kupewa mmoja tu. Na fundo halifunguliwi kwa busu, bali Joshua anatafuta kazi pengine na kuondoka, ili Lucy asipate cheo chake chini ya kivuli cha mpenzi. Kitabu hiki kina maneno mengi ya utani ambayo ningeyapunguza, lakini hesabu yake ni safi.

The Love Hypothesis ya Ali Hazelwood, ya mwaka 2021, imekwenda mbali zaidi, na inastahili kutazamwa kwa makini. Olive Smith ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Stanford, anayetafiti saratani ya kongosho. Adam Carlsen ni profesa kijana wa idara hiyo hiyo, anayeogopwa na wanafunzi wote. Wanakubaliana kujifanya wapenzi, kila mmoja kwa sababu zake, na kilichobaki msomaji anaweza kukibashiri. Mwandishi, ambaye mwenyewe amekuwa mwanasayansi wa ubongo, amejihadhari sana: Adam si msimamizi wa Olive. Lakini hadhari yenyewe inatengeneza shaka, kwa maana kizuizi kimekuwa chembamba hata kinakaribia kutoonekana. Nguvu ya kitabu imo kwingine. Profesa mwingine, Tom Benton wa Harvard, ambaye Olive anahitaji maabara yake ili utafiti wake uendelee, anamtaka kimwili, na akikataliwa anamwambia kwamba kazi yake haina thamani na kwamba hakuna atakayemsadiki. Basi mwandishi ameyagawa mamlaka ya mwalimu katika watu wawili, mmoja akapewa mapenzi na mwingine akapewa hatari. Ufundi huu una faida, kwa kuwa msomaji mwenye umri mdogo anaonyeshwa dhahiri kwamba mambo haya mawili hayafanani, wala lugha yake haifanani. Lakini una hasara pia: unatuliza nafsi kwa kudhani kwamba hatari siku zote huja na uso wake, na mpenzi na wake, ilhali katika maisha aghalabu huja katika mtu mmoja, na mwanafunzi ndiye anayeachiwa kupambanua.

Mfululizo wa E L James, ulioanza na Fifty Shades of Grey mwaka 2011, umetumia ufundi ule ule kwa matokeo mabaya. Anastasia, mhusika wake mkuu, anapata kazi katika kampuni ya uchapishaji. Mkuu wake anamshambulia. Tajiri anayempenda, Christian Grey, ameinunua kampuni, na mkuu yule anafukuzwa. Kisa kinatutaka tuone ulinzi. Mimi naona mwanamke aliyekuwa na mahali pamoja tu pa kusimama kwa miguu yake, na mahali hapo pakanunuliwa. Akitaka kumwacha mpenzi wake kesho, atakuwa anaacha na mshahara. Swali la tatu limejibiwa kinyume, na ndiyo maana wasomaji wengi walioanza na kitabu cha kwanza kwa shauku wanaeleza, bila kujua sababu, kwamba kadiri walivyoendelea walikosa pumzi.

Kwetu, kwa nini kisa hiki huwa msiba

Mtu anaweza kuuliza kwa nini fasihi ya Kiswahili, yenye utajiri wa mapenzi tangu tenzi za kale, haina riwaya mashuhuri za furaha juu ya mwalimu na mwanafunzi wa chuo, au mkubwa na mdogo wa ofisi. Kisa chenyewe tunacho. Euphrase Kezilahabi alikiandika katika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971: binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali, akaenda shule, akakutana na ulimwengu bila kufundishwa chochote juu yake, na miongoni mwa wanaume waliomkuta amo mkuu wa chuo alichosomea ualimu. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa kudhaniwa kuwa kinapotosha, na mwisho wake ni kaburi.

Wako wanaosema kwamba waandishi wetu ni wakali kwa tabia. Sikubaliani nao. Kezilahabi alifanya hesabu ile ile ya Charlotte Brontë, katika nchi ambayo jumla yake ilitoka tofauti. Msichana aliyepata mimba masomoni alifukuzwa, na aliyempa mimba, akiwa na cheo, mara nyingi alihamishwa tu. Ni Novemba 2021 ndipo Serikali ya Tanzania ilipowaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 2016, sheria ya elimu ilikuwa imerekebishwa na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imelitaja kosa ambalo watu wote wanaliita rushwa ya ngono, yaani mwenye mamlaka kudai mwili wa mtu kuwa sharti la kazi, cheo, au haki nyingine. Na Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, iliwataja wenye mamlaka na wenye dhamana wanaowatumia vibaya walio chini yao. Mahali ambapo aliye chini ndiye anayelipa gharama yote, mwandishi mkweli hawezi kuandika harusi mwishoni, na akiiandika wasomaji hawatamsadiki, kwa maana wanawajua mabinti waliolipa.

Hata hivyo visa vya mahaba ya kazini vinaandikwa sasa kwa Kiswahili kila siku, kwa mfululizo, katika magazeti pendwa na katika simu, na husomwa na wauguzi katika zamu, na makarani katika daladala, na walimu wa shule za mbali. Vingi humtaka bosi awe tajiri na msichana awe maskini, kisha tajiri anunue kila kitu. Nasikitika kwa sababu waandishi wake wanayo mali ambayo wenzao wa London hawana. Wanazijua ofisi zetu: kaunta ya halmashauri yenye foleni tangu saa moja, chumba cha walimu chenye kabati moja na funguo mbili, wodi ambayo muuguzi mmoja anasimamia vitanda vya wauguzi wanne na daktari kijana anamletea chai bila kuombwa.

Yuko mkuu wa idara ambaye bado hajaandikwa. Amegundua kwamba anampenda mtumishi aliye chini yake, na kabla ya kumwambia neno lolote anakwenda kwa afisa utumishi kuomba ahamishiwe idara nyingine, hali akijua kwamba atapoteza posho ya madaraka na kwamba mwanamke mwenyewe, akiisha kuulizwa, huenda akasema hapana. Riwaya hiyo ningeisoma usiku mmoja, na ningependa iandikwe na mtu aliyekaa katika ofisi hizo miaka mingi, anayejua barua ya uhamisho hupitia meza ngapi, ni nani ataifungua kabla ya kumfikia mhusika, na ni maneno gani yatakayosemwa kantini siku hiyo hiyo mchana.